Ubeti wa Ngwali

Nchi yetu kwa sasa haina jina. Lile la zamani lilifutwa kwa kuwa lilikuwa na huzuni ndani yake, na jipya bado liko kwenye kamati, na kamati iko mapumzikoni. Lakini msiwe na wasiwasi, sisi wenyewe tunajijua. Tuna wimbo wa taifa, tuna Wizara ya Furaha, na tuna Mlezi Mkuu, ambaye ametulea kwa muda mrefu hata waliozaliwa siku alipoanza kutulea sasa wana wajukuu. Mimi ni kinyozi wa mtaa wa Chokaa, raia mwema, sina ugomvi na mtu. Haya ninayosimulia nimeyaona mwenyewe, na mengine nimeyasikia redioni, ambako hakusemwi uongo kwa sababu ni kosa.

Nyuma ya kibanda changu vijana watatu walikuwa wakifanya mazoezi ya kuchana mistari ya hip hop. Kundi lao walikuwa wameliita Chokaa, kwa heshima ya mtaa. Wa kwanza alikuwa Machano, aliyejiita Msumari, kijana wa maneno matamu aliyeweza kukuuzia kofia yako mwenyewe ukiwa umeivaa. Wa pili alikuwa Kidawa, msusi, msichana mwenye sauti nzito na hasira za karibu. Wa tatu alikuwa Ngwali, mtoto wa pekee wa Bi Siwema muuza vitumbua. Ngwali alivunjika pua utotoni akicheza mpira, na kila alipovuta pumzi kabla ya kuanza ubeti wake, pua ilipiga mluzi mwembamba. Wateja wangu walikuwa wakicheka. Yeye alicheka nao, kisha akaanza kuchana, na kicheko kikaisha.

Mwaka ule Mlezi Mkuu alitimiza umri ambao ni siri ya taifa, na mji mzima ukapambwa kwa taa. Umeme haukutosha. Wizara ya Furaha, kwa busara yake, iliuazima ule wa hospitali ya Chokaa hadi asubuhi, na asubuhi ikaurudisha ukiwa mzima kabisa. Ni kweli kwamba baadhi ya watoto wachanga waliokuwa kwenye mashine za joto hawakuwa wazima asubuhi hiyo. Lakini taarifa ya serikali ilifafanua vizuri: walikuwa wadogo mno kuelewa umuhimu wa sherehe.

Kundi la Chokaa wakatoa wimbo, "Umeme wa Kuazima." Machano alichana kuhusu taa za barabarani. Kidawa alichana kuhusu wauguzi waliokuwa wakipuliza vidole vya watoto gizani. Ubeti wa tatu ulikuwa wa Ngwali, na Ngwali hakuwa na mbwembwe. Aliwataja wale watoto mmoja mmoja, kwa majina ya mama zao, maana wengi walikuwa hawajapewa majina:

*Wa Kibibi hakuwa na jina, alikuwa na siku moja,*
*Wa Nyamizi alikunja ngumi, akangoja, akangoja…*

Aliendelea hivyo mpaka wa mwisho. Wimbo haukupigwa redioni, na kabla mwezi haujaisha hakuna aliyekuwa hajausikia.

*

Serikali yetu ni karimu. Badala ya kukasirika, iliwaalika vijana chai. Gari la wizara lilikuja asubuhi, likasimama mbele ya kibanda changu. Afisa alisema lina nafasi ya wawili tu, kwa hiyo Kidawa akabaki. Ngwali alipanda akiwa na ndala, akaniambia nimwekee zamu yake ya kunyolewa.

Alasiri Machano alirudi peke yake, kwenye gari lilelile, akiwa na leseni ya kufungua kampuni.

"Ngwali yuko wapi?" Kidawa akamuuliza.

"Amepata masomo. Nje."

"Masomo gani? Leo asubuhi alikuwa hapa anadai kunyolewa!"

"Ndiyo hivyo, Kida. Mambo yamekwenda haraka."

Alisema hivyo huku akiangalia nywele zilizokatwa sakafuni.

Bi Siwema alifunga kazi, akajitanda kanga yake nzuri, akaenda wizarani. Mimi nilimsindikiza. Tulipokewa na Waziri wa Furaha mwenyewe, Mheshimiwa Kibwana Shangwe, mtu mnene mwenye tabasamu lililokuwa limewekwa na serikali.

"Mama, hongera!" alisema, akamshika mikono yote miwili. "Umezaa msomi!"

"Ahsante, baba. Anasoma nini?"

"Somo jipya kabisa. Bado halijapewa jina."

"Nchi gani?"

"Nchi rafiki."

"Mbona viatu vyake viko kwangu? Kaondoka na ndala."

Mheshimiwa akamgeukia msaidizi wake, wakanong'onezana. "Kule wanapewa viatu," akajibu.

"Nikitaka kumpigia simu?"

"Mama yangu, usije ukamvuruga na mitihani."

Bi Siwema alijitanda kanga yake upya. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, "Basi niambieni tu kama niweke matanga."

Tabasamu la Mheshimiwa halikubadilika, ila macho yalihama. Akaeleza kwa upole kwamba kumwombolezea mwanafunzi ni kumharibia masomo, na kwamba wizara ingelazimika kuwachukulia hatua waombolezaji. Kwa hiyo Bi Siwema alirudi Chokaa, akaendelea kukaanga vitumbua. Hakulia, maana haikuruhusiwa. Kidawa alihamia kwake, wakawa wanalala chumba kimoja.

*

Sasa ndipo nyota ya kundi ilipong'aa. Wizara ilitambua kuwa wimbo umeshaingia kwa watu, na kilichoshindikana kuzuiwa hupewa mdhamini. Ikawaandalia Chokaa tamasha kwenye uwanja wa taifa. Kidawa alikataa kwenda. Bi Siwema ndiye aliyemwambia, "Nenda, mwanangu. Asiwepo mtu wa kwetu?"

Walipanga kwamba mdundo ukifika kwenye ubeti wa tatu, Machano ataruka na kupiga kelele za "Mikono juu!" mpaka ubeti upite. Mdundo ukafika. Machano akainua maiki. Na uwanja mzima ukanyamaza.

Hakuna aliyepanga. Niliapa hivyo polisi na ninaapa tena. Watu waliacha kucheza, wakasimama wima, mikono chini, maelfu kwa maelfu, kama waliosimamishwa mbele ya kaburi. Muuza karanga alishika karanga zake zisilie. Ngoma ikapiga peke yake ubeti mzima. Ubeti ulipoisha, wakadaka kiitikio kana kwamba hapakutokea kitu.

Mimi nilikuwa mbele, karibu na spika. Nilisikia, kabla ya ule ukimya, mluzi mwembamba wa pua. Nikajiambia ni mitambo.

Waliposhuka jukwaani Kidawa alikuwa amemkamata Machano shati.

"Umemsikia?"

"Ni mitambo, Kida."

"Amevuta pumzi. Pembeni yako. Umegeuka kumtazama, Machano, nimekuona umegeuka!"

"Nimesema ni mitambo!" Lakini shati lake lilikuwa limelowa, na tangu siku hiyo hakusimama tena jukwaani bila kuacha upande wake wa kushoto wazi.

*

Machano alikuwa na ndoto za biashara tangu zamani, na sasa wizara ikamfungulia milango. Akaanzisha Kampuni ya Msumari na Wenzake. Wenzake hawakuwepo, kwa kuwa Kidawa alikataa kuweka hata kidole gumba, lakini jina lilipendeza. Kwanza ilitoka Soda ya Msumari. Ukafuata Unga wa Msumari, Mabati ya Msumari, kisha Sabuni ya Msumari, ambayo iliwakwaruza watu kidogo. Kwenye uzinduzi wa kiwanda alitoa hotuba iliyorushwa redioni mara nyingi sana:

"Ndugu wananchi! Walisema hip hop ni uhuni. Mimi nasema hip hop ni uchumi! Mstari ni malighafi. Kiitikio ni soko. Nataka ifike siku mwananchi ale Msumari, anywe Msumari, alale chini ya Msumari, na akifa, jeneza lake lifungwe kwa Msumari!"

Mheshimiwa Shangwe alilia kwa furaha, kama kazi yake inavyomtaka.

Jengo la ofisi ya Machano lilikuwa la ajabu. Aliagiza lisiwe na chumba hata kimoja kinachopakana na kingine. Kila ghorofa ni ukumbi mmoja mtupu, yeye mezani katikati, wafanyakazi wamemzunguka. Wahandisi walisifu kuwa ni usanifu wa kisasa. Alipiga marufuku chai pia, wageni wakawa wananyweshwa soda tangu asubuhi. Nilipokwenda kumnyoa huko, alikuwa amekonda shingo. Nilipozima mashine ghafla alishtuka, akaniambia, "Washa. Washa, hata kama hunyoi."

Tatizo lilikuja na matangazo. Kampuni ilitumia mdundo wa wimbo uleule kutangaza unga, kwa sababu ndio uliokuwa unapendwa. Tangazo likianza, watu wanatikisa vichwa. Sauti ya Machano ikifika penye "Unga wa Msumari, unashika!", mdundo unaingia kwenye ule ubeti wa tatu, na basi. Sokoni wapima viazi wanasimamisha mizani. Jikoni mwiko unakaa hewani. Makarani wa benki wanaacha mihuri. Siku moja tangazo lilipigwa kwenye mkutano wa chama tawala, na wajumbe wakanyamaza vizuri kabisa kabla ya kukumbuka kuwa wao ni wajumbe.

Wafanyabiashara wengine walilalamika. Balozi wa nchi rafiki aliuliza, kwa adabu, nani amekufa. Hapo serikali ikaona yameifika shingoni.

Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Ukimya wa Makusudi. Mbunge mmoja aliuliza ukimya mwema utatofautishwaje na ule mbaya, na Mheshimiwa Shangwe akajibu kuwa ukimya mwema huishia kwenye makofi. Tangu hapo ikawa lazima kwa kila mwananchi kutoa sauti yoyote halali pindi mdundo huo unaposikika. Maktaba zikafungwa. Waliozizima kwa baridi walitakiwa kugonganisha meno kwa bidii zaidi. Mbele ya kibanda changu alikamatwa fundi cherehani, mtu mpole, na nikasikia mahojiano yake yote.

"Ulikuwa unanyamaza kuhusu nini?" askari alimuuliza.

"Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano, afande."

"Watu hutunga uzi huku wakiimba."

"Uzi nilikuwa nimeushika kwa meno."

"Hee! Kumbe hata mdomo uliuziba!"

Wakaondoka naye. Alirudi baada ya wiki kadhaa, na sasa huimba muda wote, hata akila.

*

Sheria haikusaidia. Watu walikuwa wakikohoa kidogo kwa ajili ya askari, kisha wananyamaza. Ndipo wizara ikaamua jambo rahisi zaidi: ubeti ujazwe. Sherehe ya Miaka ya Ulezi ilikuwa inakaribia, Mlezi Mkuu angekuwepo, redio ingerusha moja kwa moja. Machano aandike ubeti mpya, wa furaha, auchane pale palipo na pengo, na kampuni yake itapewa mtandao wa simu wa nchi nzima.

Mtandao wa simu! Machano alikuja Chokaa kwa miguu, akamwacha dereva mbali, akaingia kibandani kwangu. Kidawa alikuwa amekaa ananisubiri nimchongee kitana. Akainuka aondoke.

"Kida, nisikilize. Nahitaji mtu wa kusimama nami. Nimejaribu studio. Kila nikivuta pumzi nianze ule ubeti, pua yangu inapiga mluzi. Yangu mimi. Mtaalamu wa mitambo amekimbia."

"Vizuri," alisema Kidawa.

"Nikipata mtandao, nitamjengea Bi Siwema nyumba."

"Amekuambia anataka nyumba?"

Machano akakaa kwenye kiti changu, mbele ya kioo, na nikaona anakwepa kujitazama. Kidawa akarudi hatua, akasimama nyuma yake, wakatazamana ndani ya kioo.

"Mlipanda wawili," alisema taratibu. "Sijawahi kukuuliza, kwa sababu nilikuwa naogopa ukinijibu, Bi Siwema atayasoma usoni mwangu. Leo nakuuliza. Ulimwacha wapi?"

  Machano akainuka, akaenda zake na kitambaa changu cha kunyolea kikiwa bado shingoni.

*

Siku ya sherehe malori yalikuja kutuchukua Chokaa nzima, kwa hiari yetu. Mlezi Mkuu alikuwa ameketishwa jukwaa kuu chini ya mwavuli, amezungushiwa mito ili asiegemee upande wa upinzani. Masikio yake ni ya umri mkubwa, kwa hiyo alikuwa na kifaa cha kusikilizia, ambacho humkera, na ambacho huwa anakizima pindi hotuba zinapoanza. Jambo hili kila mtu analijua na hakuna anayelijua.

Kidawa alipanda jukwaani pamoja na Machano. Bi Siwema alikuwa nasi mbele, kanga yake ileile. Wimbo ukaanza. Taa za barabarani, sawa. Wauguzi, sawa, Kidawa aliuchana ubeti wake kama anayeng'oa misumari. Kisha mdundo ukaingia kwenye pengo, uwanja ukanyamaza, na askari wakaanza kutuchungulia midomo.

Machano akasogeza maiki. Tulisikia mluzi, sote, hata wale wa nyuma kabisa. Sijui pua ilikuwa ya nani. Na yeye hakuchana. Aliongea tu, kama mtu anayesimulia sebuleni.

"Tulipelekwa chumba chenye zulia," alisema. "Nikapewa chai. Ngwali wakampeleka chumba cha pili, wakasema kuna mkubwa anataka kumsalimia. Ukuta ulikuwa mwembamba. Nikamsikia anachana ubeti wake. Nikafikiri wamemwomba. Akamaliza, akaanza upya. Akaanza upya tena, na kila akianza sauti inakuwa ndogo. Nikajiambia nikimaliza kikombe nitasimama. Nikamaliza, wakaniongezea, nikanywa. Mara ya mwisho alifika kwa mtoto wa Nyamizi, hakuendelea. Kikaanguka kiti. Mheshimiwa Shangwe alikuwa amekaa mbele yangu. Akaniuliza, 'Sukari imetosha?' Nikasema imetosha."

Mdundo ukaisha.  Mheshimiwa Shangwe alikuwa ameshainuka, ameinua mkono kuwaita askari, wakati Mlezi Mkuu, aliyeona vijana wameacha kutikisa midomo, aliamini kuwa burudani imekwisha. Akapiga makofi.

Mlezi Mkuu akipiga makofi, serikali yote hupiga makofi. Hiyo ni katiba. Mawaziri wakasimama, wakapiga. Majenerali wakapiga. Mheshimiwa Shangwe aliushusha ule mkono aliokuwa ameuinua, akaukutanisha na mwenzake, akapiga makofi kuishangilia habari ya kile chumba, jasho likimchuruzika hadi kwenye tabasamu. Walipiga muda mrefu, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha. Sisi wananchi tulikuwa tunawatazama. Redio ilirusha yote.

*

Wanasheria walikutana asubuhi iliyofuata. Ikiwa Mlezi Mkuu amekishangilia kisa hicho, basi kisa ni cha kweli na kimepokewa rasmi. Na ikiwa kimepokewa rasmi, mwanafunzi hayuko masomoni. Wakaunda kamati ya kufasiri makofi. Mpaka kamati itoe jibu, Machano haruhusiwi kukamatwa wala kuachwa. Kwa hiyo maofisa walimfuata kila anakokwenda, kwa umbali wa heshima. Kiwanda kilifungwa. Mabati yalibandikwa jina jingine.

Na Bi Siwema akaweka matanga.

Mikeka ilijaa ua, ikatoka barabarani, ikapita kibanda changu, ikafika hospitali. Watu walikuja kutoka mikoa ambayo sikujua kama bado tunayo. Na walilia, jamani. Kilio kilichokuwa kimekatazwa muda wote ule kilitoka kwa mara moja. Askari waliotumwa walisimama kando na kitabu chao cha sheria, hawajui washike lipi, kwa maana ukimya haukuwepo popote. Mmoja wao, kijana wa huko huko mikoani, alivua kofia, akakaa mkekani.

Machano alifika mchana, bila viatu. Mlangoni alikuwa Kidawa anapokea wageni.

"Naweza kupita?" alimuuliza.

"Si kwangu mimi," Kidawa alisema. "Muulize mwenye msiba." Lakini alisogea.

Bi Siwema alikuwa amekaa ukutani na wanawake wenzake, mama wa wale watoto. Machano akapiga magoti mbele yake. Hakuomba msamaha, nadhani alikuwa amejua kuwa neno hilo lingekuwa jepesi.

"Aliniita?" Bi Siwema akamuuliza.

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Niliona limefika ulimini mwake.

"Hapana, mama. Hakuita mtu. Alikuwa anawataja wao tu."

Bi Siwema akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. Kisha akasogeza miguu yake, akaonyesha nafasi pembeni yake kwenye mkeka.

"Kaa hapa. Watu wanakuja, na kila atakayekuja atakuwa na swali lake. Utamjibu. Usipunguze na usiongeze."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka waishe."

Akakaa. Wa kwanza kuinuka alikuwa Nyamizi, ambaye hakuuliza kitu, alimshika tu mkono akauachia. Baada yake alikuja mwanamke mwembamba nisiyemfahamu, wa ng'ambo ya reli, amejifunga kibwebwe kana kwamba anakwenda shamba. Alichuchumaa mbele ya Machano.

"Wangu alikuwa wa mwisho kwenye wimbo," alisema. "Nimesikia kwamba aliishia kwa wa Nyamizi. Kwa hiyo wangu hakumfikia."

Machano aliinua macho.

"Mara ya kwanza alimfikia, dada. Mara ya kwanza alifika mpaka mwisho, na sauti yake ilikuwa nzima. Mwanao nilimsikia vizuri kabisa."

Mwanamke akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Haya," alisema. "Nimesikia."

Akainuka, akampisha aliyekuwa nyuma yake.